Mashine Iliyomuuma Dada Peke Yake

Dada yangu hapigi simu mchana. Mchana ni wa kufua, na mikono yake huwa ndani ya maji. Kwa hivyo simu ilipolia nikiwa nimelala sakafuni nyuma ya friji ya baa moja pale Kondele, na kuona ni yeye, niliacha bisibisi nikapokea.

"Nyamera," akasema, yaani dada yangu, ndivyo tunavyoitana sisi wasichana wa tumbo moja, "mashine ya mzee inaniuma."

"Inakuuma vipi?"

"Inauma tu. Nikiigusa inauma. Na ni mimi peke yangu. Wengine wote wanaigusa na haiwafanyi kitu."

Mimi ni fundi wa vitu vya stima. Friji, mashine za kufulia, majiko, pasi. Nimekuwa na kibanda changu Kisumu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nimeshasikia kila hadithi ambayo mwenye kitu kibovu anaweza kumpa fundi. Nilimwambia dada yangu kwamba stima haijui mjane wala bibi harusi, inauma yeyote. Nikamwambia asiiguse mpaka nije.

"Wewe njoo," akasema. "Jumamosi wanakuja kuchukua jibu."

Hapo nikaacha kuchezacheza na maneno. Nilijua jibu gani.

Wacha nieleze. Dada yangu ameolewa Seme, si mbali na Kombewa, nyumba iko mahali ukisimama mlangoni unaona ziwa. Yeye na mume wake walikuwa na kazi ya kufua mashuka ya gesti. Kazi nzuri, isipokuwa ziwa letu lina wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Wakija wanatua kwenye kamba ya nguo, na shuka jeupe linageuka la madoadoa. Unafua upya. Unaanika upya. Halafu mvua inanyesha. Shemeji yangu alimtazama mke wake akipigana na hao wadudu mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja akarudi kutoka Kisumu na mashine ya kukausha nguo, ya mitumba lakini nzima, imefungwa kwa kamba juu ya pikapu. Nakumbuka dada alivyocheka. Alisema mwanamume mwingine huleta sukari.

Huyo mzee alikufa. Aliugua, akapelekwa hospitalini, akarudi, akaugua tena. Tukamzika hapo hapo nyumbani, upande wa kulia wa nyumba, karibu na ukuta, pale mwenye boma anapolazwa. Na baada ya mazishi ukoo ukaanza kuuliza swali ambalo kwetu huulizwa kila mjane: atarithiwa na nani? Maana yake ni kwamba ndugu mmoja wa marehemu amchukue, aingie ile nyumba, mila ikamilike. Wakamchagulia mdogo wake marehemu. Dada yangu akasema angojewe. Wakangoja. Mvua za kupanda zikakaribia, na kwa mila yao watu wa boma hawawezi kupanda wakati nyumba ya mkubwa imekaa vile, mjane hajarithiwa, basi mashamba ya watu wazima wenye watoto yakawa yanamngojea mwanamke mmoja aseme ndiyo.

Hapo sasa ikajulikana kwamba mashine inamuuma. Na wazee wakasema kile ambacho mtu yeyote angejua watasema: mzee amekasirika. Alinunua hiyo mashine kwa mkono wake. Anamkataza mke wake kuigusa mpaka afanye inavyotakiwa.

Nilisikia hasira mpaka masikio yakawaka moto. Haki ya nani, nilitaka kwenda kuwapigia kelele siku hiyo hiyo. Nikamalizia ile friji kwanza.

Ijumaa nilifika na mfuko wangu wa vyombo. Dada alikuwa amekonda. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlima wa mashuka yenye unyevu, mengine yameanza kunuka, na kambani mengine yamejaa wale wadudu. Kazi ilikuwa imesimama. Na nani alikuwa ameketi jikoni akinywa chai? Shemeji mdogo mwenyewe, huyo mrithi. Sikutaka kumpenda, lakini ni mtu wa adabu, nisimsingizie. Alisimama akanisalimia kwa mikono miwili. Alikuwa ameleta samaki.

"Shemeji, karibu," akasema. "Hata mimi hii mashine inanisumbua akili. Ebu ona."

Akanitangulia chumba cha kufulia, kando ya jikoni, akaweka kiganja juu ya mashine. Kimya. Akaweka na cha pili. Kimya. Akanitazama kwa huruma.

Nikagusa na mimi. Kitu hakuna. Nikazungusha mkono pande zote, juu, mlangoni, nyuma kwenye mabati. Hakuna. Nikamwangalia dada yangu, na naungama kwamba kwa muda mfupi nilifikiri ni majonzi tu yamemchanganya.

"Iguse wewe," nikamwambia.

Alinyoosha kidole kimoja. Nikaona mkono mzima umeruka.

Kumbe! Basi nikafungua mfuko.

Mtu akisema kitu kinauma, fundi hamsadiki wala hamkatalii, anatoa testa. Ni bisibisi yenye kitaa kidogo kwenye mpini. Nikaigusisha kwenye bati la mashine, kile kitaa kikawaka, chekundu, hafifu. Kwa hivyo stima ilikuwa pale. Ilikuwa chini ya kiganja cha shemeji na chini ya kiganja changu muda wote ule. Mbona basi haikutuuma sisi?

Nikatazama chini. Mimi nilikuwa na viatu vyangu vya kazi vya mpira. Shemeji alikuwa na akala, zile sandali za tairi, hazivui huyo. Na dada yangu, kama kila siku akifua, alikuwa peku kwenye saruji iliyolowa maji.

Nikavua viatu. Nikavua na soksi. Nikasimama pale alipokuwa amesimama na nikagusa bati.

"Mama yangu!" nikasema. Ilikuwa kama chungu wengi wanakimbia kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Si ya kuua, lakini si kitu unachosahau.

"Umeona?" dada akasema. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia ni wewe peke yako."

Shemeji alikuwa ameaga nilipokuwa navua soksi, hakuiona hiyo. Ningependa aione.

Sasa kazi ikaanza sawasawa. Nilichomoa plagi nikaifungua. Waya zote tatu zimekaa vizuri. Nikafungua mgongo wa mashine. Vumbi la nyuzi za mashuka limejaa, nikalitoa. Ile koili ya kupasha moto nikaipima kwa mita kama imegusana na bati, haikugusana. Mota, hivyo hivyo, safi. Nikaanza kuudhika, kwa sababu mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa haina ugonjwa hata mmoja.

Lakini mashine za namna hii, hata zikiwa nzima, huvuja stima kidogo kwenye bati lake. Ndivyo zilivyoundwa. Ndiyo maana plagi ina mguu wa tatu, na ndani ya ukuta kuna waya wa kijani ambao kazi yake ni moja tu: kuchukua hako kadogo kanakovuja na kukapeleka ardhini, kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa nje ya nyumba. Na siku kukivuja kingi, ni huo waya unaofanya swichi kubwa ijikate kabla mtu hajafa. Nikafungua soketi. Waya wa kijani ulikuwapo, umekazwa. Nikachukua mita, mguu mmoja kwenye huo waya, mwingine kwenye bomba la maji la chuma. Mita ikaniambia huo waya hauendi popote. Kwa hivyo ubovu haukuwa ndani ya mashine wala ndani ya nyumba. Ulikuwa nje.

Nilitoka, nikauandama. Ulitokea ukutani ndani ya bomba la plastiki, ukateremka, ukaingia kwenye udongo upande wa kulia. Nikashika nikavuta kidogo kupima kama umekaza. Ulikuja wote mkononi mwangu. Kipande kifupi, ncha imekatwa mshazari, kukatwa kwa panga. Na pale ulipokuwa unaelekea, hatua mbili tatu mbele, palikuwa na saruji ya kaburi la shemeji yangu.

Nilichuchumaa pale nikiushika. Nondo ilikuwa chini ya ile saruji. Waliochimba walikutana na waya, wakaukata, wakaendelea. Kaburi likishaanzwa huku kwetu halihamishwi kwa sababu ya waya. Na tangu siku ile tulipomzika, dada yangu alikuwa akifanya kazi kwenye maji, peku, na nyumba haina cha kumwokoa. Ile koili ingekatika na kugusa bati asubuhi yoyote, tungemzika na yeye.

Nilimwambia dada. Alitazama ile ncha, akatazama kaburi, akaingia ndani kuinjika maji ya ugali.

"Si ufurahi?" nikamfuata. "Hakuna mzee aliyekasirika. Ni waya!"

"Nimesikia."

"Kesho wakija tutawaambia."

"Nimesikia, nyamera. Nipe ule mwiko."

Nilidhani amechoka.

Jumamosi asubuhi nilipanda boda hadi Kombewa, nikanunua nondo mpya ya shaba na waya. Nikaipigilia nyuma ya jikoni, pale maji ya kufulia yanapomwagwa, kwa sababu udongo wenye maji unapokea stima vizuri. Niliigonga kwa nyundo mpaka mabega yakalia. Waya nikaupitisha dirishani, nikaufunga nyuma ya mashine kwa skrubu moja, kwa muda, hadi nipate nafasi ya kuuingiza ukutani. Nikapima. Kitaa cha testa hakikuwaka tena. Nikagusa nikiwa peku: kimya kabisa. Nikaimba nikiwa peke yangu mle ndani, sina aibu.

Wazee walikuja wakati jua limeanza kuwa kali. Wakakaa sebuleni. Maombi yakaombwa, soda zikafunguliwa, wakauliza habari za mvua kana kwamba hawakuijia roho ya mtu. Dada aliketi kwenye mkeka karibu na mlango. Halafu mkubwa wao, baba mdogo wa marehemu, akasafisha koo, akasema wamekuja kusikia.

Sikumngoja dada. Nikasimama na kile kipande cha waya, nilichokuwa nimekikata ukutani. Nikawaeleza yote, mashine, bati, ardhi, nondo. Nikawaambia waya ulikatwa siku ya kaburi.

Shemeji mdogo aliinua mkono. "Huo waya niliukata mimi," akasema. "Ulikuwa unatuzuia kuchimba. Mimi nikasema, waya unaoingia kwenye udongo unapeleka stima kwa nani? Nikadhani fundi alisahau tu hapo."

Alisema bila kuficha, na nikaona hata yeye ameshtuka. Nikadhani tumemaliza.

Mzee mkubwa akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Binti yetu umesema vizuri," akasema. "Umesema mashine inauma kwa sababu ya waya. Umesema waya umekatikia kaburini. Ule upande mwingine uko chini, kwa mwenye nyumba. Sasa, sisi tumesema nini tangu mwanzo? Si tumesema ni yeye?"

Wote wakaguna, eeh, eeh. Yawa! Nilisimama pale na ukweli wangu mkononi, na ulikuwa umegeuka ushahidi wao. Sijawahi kushindwa kwa maneno vile, na mimi ni mtu wa maneno. Nilimtazama dada. Alikuwa anaangalia mkeka.

Hasira ikanisaidia. "Basi twendeni mkaone," nikasema. "Wote. Kwenye mashine."

Walikuja, wakajazana mlangoni kwa chumba cha kufulia. Nikamwaga maji kidogo kwenye saruji. Nikafungua ile skrubu nikautoa waya mpya. Nikamgeukia shemeji mdogo.

"Shemeji, vua akala."

"Mimi?"

"Wewe. Vua, simama hapa, gusa."

Akawatazama wazee. Hakuna aliyemsaidia. Akavua, akakanyaga maji kama mtu anayeingia mtoni asikokujua, akaweka kiganja.

"Woi!" Aliruka mpaka akamkanyaga mzee mmoja.

"Pole," nikasema. "Sasa na wewe urithiwe na nani?"

Kuna mtu nyuma alicheka kabla hajajizuia. Halafu mwingine. Halafu shemeji mwenyewe, akiwa amekumbatia mkono wake, akacheka mpaka machozi. Nikaurudisha waya, nikakaza skrubu, nikamwambia aguse tena. Aligusa kwa kidole, kisha kiganja, kisha viganja viwili. Nikautoa: ikamuuma. Nikaurudisha: ikanyamaza. Wazee wawili wakavua viatu wakajaribu wenyewe, wakaulizana kama watoto, wewe umesikia, hata mimi nimesikia. Yule mkubwa hakujaribu. Lakini hakusema tena.

"Hebu utoe," dada yangu akasema.

Alikuwa amepenya hadi mbele. Nikautoa ule waya. Akasimama kwenye maji na miguu yake mitupu, akaweka kiganja chote juu ya bati, si kidole. Niliona misuli ya mkono wake inacheza. Hakuuondoa. Akageuza uso, akiwa vile vile, akamwambia yule mzee mkubwa:

"Baba, mimi sitarithiwa. Pandeni mashamba yenu. Kama kuna la kunipata, lije kwangu."

Nikaruka nikamtoa mkono. "Una wazimu?" nikamwambia, nikaurudisha waya upesi.

Waliondoka bila kumaliza soda. Hapakuwa na matusi. Shemeji mdogo alikuwa wa mwisho, alimpa dada mkono, akasema chi owadwa, mke wa ndugu yetu, nisamehe kwa ule waya. Nadhani alikuwa amefurahi. Ana mke wake na nyumba yake, na sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza na yeye.

Mimi nilikuwa juu, acha tu. Nikasokota mashuka, nikajaza mashine, nikaiwasha ikaanza kunguruma. Nilikuwa naongea bila kupumzika, nikimwiga yule mzee, nikimwiga shemeji alivyoruka. Ilichukua muda nione kwamba nacheka peke yangu.

Dada alikuwa amesimama kando ya mashine. Alikuwa ameweka kiganja juu yake, pale pale. Akakihamisha kidogo. Akakihamisha tena, kama unavyomgusa mgonjwa kutafuta wapi pana joto.

"Haiumi tena," nikasema. "Usiogope."

"Sikuwahi kuogopa."

"Si ulinipigia simu?"

"Nilikupigia useme ni yeye." Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, sauti ya kuulizia chumvi. "Wao walisema amekasirika. Mimi nilijua hajakasirika. Kila asubuhi kabla sijafua nilikuwa nakuja hapa naigusa, makusudi. Nikisikia ile kitu naenda kazini. Ndiyo maana waliponiuliza nilisema wangoje. Mtu ambaye mume wake bado yuko nyumbani anarithiwaje?"

Nikaokota shuka lililokuwa sakafuni, nikalikunja, nikalikunjua.

"Sasa nimewaambia hapana," akasema, "na nimebaki na nani?"

Mashine ilikuwa inazunguka. Alinitazama, na mimi ndiye mdogo, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni.

"Nyamera, huwezi kuutoa kidogo? Sasa hivi tu, mara moja."

Niliwaza ile koili. Niliwaza maji, na miguu yake. Nikachukua bisibisi, nikainama nyuma ya mashine, nikaikaza ile skrubu mpaka ikakataa kuzunguka. Niliposimama alikuwa ameketi kwenye rundo la mashuka machafu, leso yake usoni, analia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi watu wote walikingoja na hakikuja.